Gari yangu ilichemka milimani tu: mafundi wawili walishindwa, shangazi akaona tatizo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nawaletea kisa cha gari yangu na kila neno ni kweli. Mashahidi ninao, mmoja wao alikuwa bwana harusi.

Mimi naishi Jinja, nina van ya petroli. Kwenye tambarare haina neno. Jinja mpaka Mbale naenda nikisikiliza kaswida, geji ya temperature imetulia katikati. Ila ikiona mlima tu, mshale unapanda kabla gari haijapanda.

Fundi wa kwanza alibadilisha thermostat. Wa pili akaosha rejeta, akaweka mfuniko mpya, akaniambia, "Bwana, sasa panda hata mbinguni."

Nikaamini, maana Jinja hakuna mlima wa kumbishia.

Ikafika siku ya nikah ya mdogo wangu Rajabu. Bibi harusi kwao ni Wanale, ule mlima ulio juu ya Mbale mjini. Nikah ilikuwa baada ya adhuhuri, na sheikh alishasema ana nyingine alasiri, hasubiri mtu.

Ndani ya gari tulikuwa wanne. Mimi, Rajabu na kanzu yake nyeupe, baba yetu, na Shangazi Zuhura, dada yake baba, anayepikia watu kwenye sherehe.

Mbale tulipita vizuri. Mlima ulipoanza, kona ya tatu mshale ukagusa nyekundu.

Nikasimama, nikaacha engine inaunguruma taratibu, nikafungua boneti. Maji hayavuji. Feni inazunguka vizuri kabisa. Hapo ndipo nilichanganyikiwa.

Simu ya Rajabu ikaita, wakwe wanauliza tuko wapi.

"Tumeshafika mlimani," akajibu.

Hakusema uongo wakuu, lakini jasho lilikuwa linamtoka kuliko rejeta.

Shangazi akashuka kunyoosha miguu, akasimama mbele ya gari.

"Hii gari inanipulizia joto miguuni," akasema.

"Shangazi, engine imechemka, lazima itoe joto."

"Mimi nimezeeka jikoni. Moto ukinipiga usoni najua upepo unatoka wapi. Hiyo feni yako inafukuza hewa, haivuti."

Nilitaka kucheka. Yeye akachukua karatasi iliyofungiwa mandazi, akaiweka mbele ya grili. Wote mnajua ilitakiwa ivutwe inase pale.

Iliruka mpaka kwenye nyasi.

Baba akanitazama. Mimi nikatazama nyasi.

Ndipo nikakumbuka. Miezi michache nyuma niligonga mbuzi kule Buwenge, feni ikavunjika. Fundi wa umeme akaniwekea motor ya used, akaunganisha waya mbili kwa mkono. Alizigeuza. Feni ikawa inazunguka kinyume, inasukuma hewa mbele.

Kwenye tambarare gari inakimbia, upepo wa njiani unaishinda feni. Mlimani gari inatambaa na engine inafanya kazi kubwa, upepo na feni vinagombana, rejeta inabaki bila hewa.

Nikazima, tukasubiri zaidi ya nusu saa. Rajabu alizunguka ile gari kama anatufu Kaaba. Ilipopoa kabisa nikafungua mfuniko, nikaongeza maji, nikazigeuza zile waya, nikafunga na tape. Nikawasha, tukasubiri feni ianze. Shangazi akaweka karatasi tena.

Ikanasa kama stempu.

Tulipanda huku baba anatangaza geji kama mpira wa redioni. "Katikati. Bado katikati. Kona hii, katikati."

Tulimkuta sheikh anavaa viatu. Akavivua tena. Rajabu akaoa akiwa na doa la grisi kifuani, kwa sababu ndiye aliyenishikia waya. Mama mkwe alipouliza ni nini, kwa sauti ya trafiki, shangazi akamjibu, "Mhuri wa mlima, afande." Nyumba nzima ikacheka.

Nilichojifunza: feni kuzunguka ni jambo moja, kupoza rejeta ni jambo lingine. Nilitazama kwa macho nikaridhika, mafundi wangu nao hivyohivyo. Aliyejua ni mtu ambaye hajawahi kushika spana, na nilikaribia kumcheka.

Halafu mfuniko wa rejeta usifunguliwe ikiwa moto, hata kama wakwe wanapiga simu.

Wenye gari za kuchemka milimani, nendeni na karatasi, mrudi hapa mseme imenasa au imeruka. Shangazi ananiuliza kila siku kama kuna aliyejibu.