Basi la Vigogo vya Mgomba

Nilirudi kutoka hospitali ya misheni nikiwa nimekaa kiti cha mbele cha pikapu ya kahawa, mikono juu ya mapaja, bila kitu cha kushika. Ilikuwa miaka ya themanini, msimu wa kuchuma kahawa, na barabara ya kuelekea kwetu Igurwa ilikuwa vumbi tupu. Dereva alijua yaliyonipata, maana ndiye aliyempeleka mume wangu nyumbani siku chache kabla, akiwa amempakata mtoto wetu wa pili ndani ya kitenge. Mtoto huyo alizaliwa bila kulia. Mimi nilibakizwa wodini kwa sababu ya kutokwa damu, yeye akatangulia nyumbani kuzikwa.

Binti yangu alinipokea uani. Alilitazama tumbo langu, akanitazama usoni.

"Mama, Baba amesema mtoto alikufa."

"Ndiyo, mwanangu."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo Jumamosi bado ipo?"

Jumamosi alikuwa anatimiza miaka mitano. Nilipita nikaingia ndani, nikajilaza kitandani na viatu vyangu, na nikasikia baba yake akimwita kwa sauti ya chini aje wakageuze kahawa kwenye mikeka.

Habari ya Jumamosi niliianzisha mwenyewe, wakati bado nina nguvu. Miezi kadhaa nyuma tulikuwa tumealikwa Kayanga nyumbani kwa bwana shamba, ambaye mke wake tuliimba naye kwaya zamani. Mtoto wao alikuwa anasherehekea siku ya kuzaliwa. Palikuwa na maputo, na keki iliyotengenezwa kama nyumba, yenye mlango na madirisha. Binti yangu alikula kipande chake polepole mno, kama mtu anayeogopa kuamshwa. Tulipotoka tulipita stendi, tukalikuta basi la Bukoba likijiandaa kuondoka, mikungu ya ndizi imepangwa juu hadi basi limeinama upande. Alisimama hapo mdomo wazi mpaka lilipopotea. Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia, "Yangu iwe ya basi." Miguu ilikuwa imenivimba, tumbo limenielemea, nikasema sawa, itakuwa ya basi, ili tu tuendelee kutembea.

Usiku ule ule niliorudi, mume wangu alisema, "Tuahirishe. Mtoto atasahau."

"Hatasahau."

"Basi nitamweleza mimi."

"Utamweleza nini?"

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na siku zile hata yale machache yalikuwa yamemwishia. Nikamwambia tufanye tu. Watu walipokuja kunisifu baadaye kwamba nilikuwa na moyo mkubwa, niliona aibu, kwa sababu moyo haukuhusika. Nilichoka. Nilipiga hesabu ya kuchoka kwenyewe, nikaona kumkatalia mtoto, kumtazama akilia, kumbembeleza, na kumpa sababu ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo, kungenichosha zaidi kuliko kupika keki.

Mama mkwe wangu, aliyeishi nyumba ya pili ndani ya shamba lile lile la migomba, alikuja asubuhi kuniona. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, akakaa kwenye kigoda na kunitazama muda mrefu.

"Nasikia mnataka kumwashia mtoto mishumaa."

"Ndiyo, mama."

"Sisi hatukujua siku tulizozaa. Tulijua tu kama ni msimu wa mvua au wa senene." Kisha akashusha sauti. "Na wewe ulale. Yule mwingine usimtaje taje. Ukimtaja hutapona."

Hakusema kwa ubaya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mtoto aliyezaliwa bila kulia hakuwekewa matanga. Wanawake wazee wawili watatu walimpeleka kimyakimya chini ya migomba, na kabla ya jua kuwa kali kila mtu alikuwa amerudi kwenye kazi yake. Hakuna aliyekuja kulala kwangu, hakuna aliyeniletea kuni. Waliopita njiani walinisalimia kama mtu aliyetoka safari. Mmoja alisema, "Utapata mwingine, waitu," yaani mwenzetu, akaenda zake, na mimi nikaitikia asante. Mama mkwe alipoinuka kwenda aliacha mayai yamefungwa kwenye jani la mgomba, juu ya kigoda alichokalia.

Jumamosi mume wangu na binti yangu waliamka mapema kujenga basi. Baba alichagua vigogo vya migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, akavikata kwa panga, akavipanga uani viwili viwili, na katikati akaacha njia ya kondakta. Mbele aliweka kiti cha dereva, ambacho kilikuwa kinu kilichopinduliwa. Usukani ulikuwa mfuniko wa sufuria uliochomekwa kwenye kijiti. Kuta hazikuwepo, ila pembeni alisimamisha miti myembamba na kuining'inizia majani makavu ya mgomba, na kwenye majani hayo binti yangu alikata madirisha yeye mwenyewe, kila moja na ukubwa wake. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikiwatazama. Mikeka ya kahawa ilikuwa imesogezwa upande mmoja, na mara kwa mara nilimsikia akimwonya baba yake asikanyage kahawa, kwa sauti ile ile ninayomwonyea yeye.

Keki niliipika kwenye debe la mafuta ya kula ambalo mume wangu alilipasua kwa urefu na kulikunja ncha, ili litoke umbo la basi. Niliweka mkaa chini, nikafunika bati, nikaweka mkaa juu. Lakini kabla ya hapo ilibidi nikoroge unga, na kukoroga ndiko kulikonishinda. Maziwa yalikuwa yamejaa. Hospitalini walinifunga kifua kwa khanga, wakasema yatakauka yenyewe, lakini mwili haukuwa umepata habari. Kila nilipozungusha mwiko maziwa yalivuja, gauni likalowa mbele hadi kiunoni. Nikaenda kubadilisha. Nikakoroga tena, likalowa tena. Mara ya tatu sikwenda. Nilijifunga khanga nyingine juu na kuendelea, na nakumbuka sikulia, nilikuwa nawaza tu kwamba nguo safi zimeniishia.

Keki iliungua chini. Nilikwangua sehemu nyeusi kwa kisu, nikapanga vipande vya ndizi mbivu pembeni viwe magurudumu, na madirisha nikayachora kwa sukari. Lilikuwa basi lililopinda, kama lile la Bukoba lilivyoinama na mzigo wake. Binti yangu alilitazama akashika mashavu kwa mikono miwili.

Tulikuwa tumealika watoto wachache wa jirani. Jua lilipoanza kupungua makali wakaja, wamepakwa mafuta yanang'aa, wengine wamevaa nguo za kanisani. Lakini nyuma yao walikuja mama zao. Sikuwa nimewaalika. Kwetu mtoto wa miaka mitano huja mwenyewe kwa jirani, anajua njia. Mama wa kwanza alikuwa na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Wa pili alibeba kuni. Mwingine maziwa ndani ya kibuyu. Hakuna aliyesema ni vya nini. Walivipeleka nyuma jikoni, wakarudi, wakavua ndala, wakaketi kwenye nyasi tulizotandika sebuleni, miguu wameikunja pamoja, wakiongea kwa sauti ndogo. Nilisimama na sahani yangu ya karanga mkononi, nikawaona wamekaa hivyo. Nilijua kile kikao. Nimekikaa mara nyingi katika nyumba za watu waliofiwa.

"Kaa, mama," alisema mmoja wao. "Watoto wana baba yao huko nje."

Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyetoka Burundi na mume wake miaka mingi nyuma. Waliishi kwenye kipande cha shamba walichopewa bondeni, na msimu wa kahawa walikuja kutuchumia. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, hakuwa na namna ya kuzunguka maneno. Niliketi karibu naye. Nje watoto walikuwa wanagombania viti. Akanigeukia, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinua kichwa.

Tangu nilipotoka wodini hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hata mimi na mume wangu hatukuwa tumelitamka.

"Wa kiume," nikasema.

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Nyeusi sana. Walinionyesha kidogo tu, lakini nywele niliziona."

"Mpola," akasema, pole ya huku kwetu, ambayo aliijua vizuri kuliko Kiswahili chenyewe. Na wale wengine wakalirudia, mmoja baada ya mwingine, "Mpola, mpola waitu," kama inavyosemwa mahali palipofiwa. Ndipo nilipolia. Sikulia kwa kelele, watoto wangesikia. Yule mama aliipokea ile sahani ya karanga mkononi mwangu akaiweka chini.

Kisha mama mkwe wangu akasema, akiwa anatazama nje, "Wangu wawili wako kule karibu na kisima cha zamani. Mmoja wa kike, mmoja wa kiume. Baba yao hakuwaona." Alisema hayo tu. Mwanamke mwingine akasema wake alikuwa amefika miezi saba. Mwingine akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeishi nao miaka ile yote, tumelima pamoja, tumeimba pamoja, na sikuwa najua hata mmoja.

Mlango ukafunikwa na kivuli. Binti yangu alikuwa amesimama pale na kofia ya baba yake, imemfunika masikio.

"Mama, basi linaondoka. Abiria wote wamepanda, bado wewe."

"Nakuja."

"Sasa hivi. Dereva hangojei."

Nilijifuta uso, nikatoka. Watoto walikuwa wamejaa kwenye vigogo, wengine wawili wawili, kuku mmoja amefungwa miguu kama mzigo halali wa safari. Nilipewa kiti cha nyuma. Dereva, binti yangu mwenyewe, akapanda juu ya kinu, akashika mfuniko, akaunguruma kwa mdomo, na abiria wote wakaunguruma naye wakiinama kushoto na kulia kwenye kona. Kondakta, msichana wa jirani mwenye sauti kali, alitaja vituo: Kayanga, Nyakatuntu kwa bibi yake, Bukoba, Dar es Salaam, vyote kwenye barabara moja. Wanawake walitoka wakasimama mlangoni kutazama. Kigogo nilichokalia kilikuwa baridi na kibichi, kinanipoza mgongo na kiuno kilichokuwa kinawaka. Niliegemea ule mti wa pembeni. Nakumbuka walipofika Bukoba wakashuka abiria wawili, wakazunguka, wakapanda tena.

Baada ya hapo sikumbuki. Nililala. Katikati ya zile kelele zote, nimekaa wima, mdomo wazi, nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu uchungu uliponianza.

Nilipoamka jua lilikuwa linagusa migomba, na mtu alikuwa amenifunika khanga. Basi lilikuwa tupu. Uani palikuwa pamefagiliwa, kahawa imekusanywa kwenye magunia isilowe umande, na jikoni moshi ulikuwa unatoka. Mtu mwingine alikuwa anapika chakula chetu cha jioni. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigogo cha mbele yangu, amenipa mgongo, kama abiria.

"Wamekwishakata keki?" nikamuuliza.

"Zamani. Wamekuimbia na wewe."

"Mishumaa?"

"Upepo uliizima kabla yake. Akalia kidogo, tukaiwasha tena." Halafu akasema bila kugeuka, "Nimewasikia mkiongea kule ndani. Mimi nilimfunua njiani. Nilimwambia dereva asimame, nikamfunua nikamtazama. Alikuwa na masikio kama ya baba yangu."

Nikahama kutoka kiti changu, nikakaa kigogo kimoja naye.

Wale wanawake walikuja tena Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu, na yule mama wa bondeni alilala kwetu siku mbili. Hakuna aliyeiita matanga. Waliokuwa wakiulizwa njiani walisema wanakwenda kumsaidia mzazi. Uchovu haukuniacha msimu ule, wala uliofuata. Niliubeba kama mtu anavyobeba maji, bila kuufikiria, mpaka siku moja nikagundua natembea mwepesi kidogo. Tulipata watoto wengine wawili, wote walilia walipozaliwa, na kila mmoja nilimsikiliza kwa hofu mpaka sauti yake ya kwanza.

Binti yangu sasa ni mama. Juzi juzi alikuwa anawapambia wanawe maputo, nikamuuliza kama anaikumbuka ile siku ya basi. Akacheka. Alisema anaikumbuka vizuri sana: alimpakia kuku, na magurudumu ya keki yaliliwa kabla ya keki yenyewe, na mama alilala njiani kama abiria wa kweli.

"Na kingine?" nikamuuliza.

Akafikiri, uzi wa puto umemning'inia mdomoni.

"Hakuna kingine," akasema. "Watu walikuwa wengi. Ilikuwa siku nzuri."