Hajati Zaina na Ampli ya Kwaya ya Rubondo

Ninaikumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposimama mbele ya meza ya Hajati Zaina mjini Mbarara, nikiwa na miaka ishirini na minne na majivuno ya kutosha watu watatu. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani ingawa ilikuwa Jumatatu. Kwaya yetu ya Rubondo, hapa Nakivale, makazi yetu sisi wakimbizi nchini Uganda, ilikuwa imenituma kununua ampli ya besi, nami nilijiona kama balozi aliyetumwa na taifa.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulinijia ukaniuliza ni ampli gani nzuri, ya bei ya watu kama sisi, itakayofaa lile sanduku la spika ulilonunua kwa ajili ya gitaa lako la besi. Jibu ninalo, ila si langu. Ni la mama huyo, na siwezi kukupa jibu lake bila kukuambia jinsi nilivyolipata. Vumilia kidogo. Sisi wazee hatujui njia za mkato.

Sanduku letu la spika halikuwa la fahari. Seremala mmoja wa Misiera, hapo jirani, alilitengeneza kwa plaiwudi, akalitia spika moja pana kama sinia, tuliyoipata kwa mtu aliyekuwa akihama. Lilitutumikia vizuri. Kilichotuangusha ni ampli, ile mashine inayokaa juu ya sanduku na kulipa nguvu. Ilikuwa imezeeka, na siku moja katikati ya ibada ikanyamaza na isiamke tena. Wakati huo kanisa letu lilikuwa linamaliza kuezeka paa jipya la mabati, na kwaya za zoni nyingine za makazi haya zilikuwa zimealikwa kuja kulizindua. Wanakwaya wetu, wakulima wote, wakatoa walichokuwa nacho: huyu mahindi, yule maharagwe, mwingine kuku. Vikauzwa, na mimi mpiga besi nikapewa kazi ya kwenda kununua.

Duka la Hajati lilikuwa chumba kimoja chembamba, redio zimepangwa hadi darini. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa redio za jeshi, na yeye alijifunza kazi kwa kukaa karibu naye, kama alivyojifunza Kiswahili chake huko huko kwenye kambi za jeshi. Alikuwa mama mnene, mtandio mweupe, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia, kisha nikamwonyesha kwa kidole ampli kubwa kuliko zote zilizokuwa kwenye rafu. Nikamwambia nataka hiyo.

Hakuishusha. Aliniuliza, "Sanduku yako iko na omu ngapi?"

Nikamwambia sijui.

"Na wati ngapi?"

Nikamwambia ni sanduku kubwa.

Alinitazama juu ya miwani yake, wala si kwa ubaya. "Basi leo mimi siuzi. Rudi nyumbani, soma nyuma ya spika, andika kwa karatasi, halafu kuja."

Mwanangu, ungeuona uso wangu. Nimetoka Rubondo alfajiri, nimepanda pikipiki hadi Misiera na gari hadi Mbarara, fedha za kanisa ziko mfukoni, halafu mwenye duka ananiambia haniuzii. Mimi niliyekuwa nikipiga besi tangu Kivu Kusini, kule Kongo. Nilimshukuru kwa mdomo tu, nikatoka, nikavuka barabara. Wahenga walisema mkataa pema, pabaya panamwita, na mimi pabaya paliniita kwa sauti nzuri kabisa. Katika duka la pili nilikuta ampli iliyotumika, kubwa kuliko ile ya Hajati, imeandikwa wati elfu kwa herufi za rangi ya fedha. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Aliniita bosi. Nikainunua.

Mazoezi yalikuwa Jumatano alasiri. Nikaiweka ile mashine juu ya sanduku letu, nikaifuta vumbi mbele ya watu, nikaiwasha. Jenereta ya kanisa, ambayo ilikuwa ndogo, ililalamika kama ng'ombe aliyefungwa vibaya. Sikujali. Nikafungua besi mpaka mwisho. Mabati yakatetemeka, watu wakatoka mashambani kuja kuchungulia, nami nikatabasamu. Debe tupu haliachi kuvuma, nami siku ile nilikuwa debe hasa.

Katika wimbo wa tatu nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Sauti ikaanza kukwaruza, kama mchanga ndani ya kopo. Halafu ikakatika. Wanakwaya waliendelea kidogo, wakanyamaza mmoja mmoja, na wa mwisho kunyamaza alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa amefumba macho.

Ampli ilikuwa nzima. Spika ndiyo ilikuwa imeungua. Ilibaki siku tatu tu kabla ya Jumapili ya uzinduzi.

Kiongozi wetu wa kwaya alikuwa Mama Nabintu, mwanamke mfupi aliyetoka sehemu za Walungu, kwetu Kivu, asiyejua kufoka. Alisogea karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Byamungu, shiye hatukukutuma ulete makelele. Tulikutuma ulete sauti." Kisha akaongeza, "Batu balitoa chakula yabo. Uende ubaambie wewe mwenyewe."

Nikasimama mbele yao. Nilitamani kusema kwamba muuzaji alinidanganya, na neno hilo lilikuwa tayari limefika ulimini. Lakini nilimwona Mama Nabintu akinitazama, nikalimeza. Nikawaambia kwamba kuna mama mmoja Mbarara alikataa kuniuzia kwa sababu sikujua habari za sanduku letu wenyewe, na kwamba nilimdharau nikaenda kwingine. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja aliyekuwa ametoa maharagwe yake ya kula, si ya kuuza, aliuliza swali moja tu: "Inaweza kutengenezeka?" Swali lile liliniuma kuliko fimbo.

Alhamisi nikaifunga spika kwa kitenge cha mke wangu, nikaibeba ile ampli ya herufi za fedha, nikarudi Mbarara. Nilipita kwanza kwa yule muuzaji aliyeniita bosi. Safari hii hakukumbuka jina langu la ubosi, wala hakutaka kuirudisha mashine yake. Ikanibidi nivuke barabara.

Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Hajati hakucheka. Alinivutia kigoda, akamwita jirani alete chai, na wakati nakunywa akafungua kitenge, akainusa spika katikati kama mtu anavyonusa maziwa kujua kama yamechacha. Akasoma kibati kidogo kilichokuwa nyuma yake, akanigeuzia nikisome mwenyewe kwa sauti. Omu nane. Wati mia mbili. Maneno matano, mwanangu, yaliyokuwa nyuma ya spika yetu miaka yote ile, na mimi sikuwahi kuinama kuyasoma.

Ndipo akanipa maneno ambayo sijayasahau. "Wewe ulitafuta ampli ya kuonyesha watu. Mpiga besi haonyeshi. Mpiga besi anabeba wengine." Akavua miwani. "Mimi si kwamba sikutaka pesa yako ile Jumatatu. Nilitaka sana. Lakini ningekuuzia, ungelia, na mimi ningekula kilio chako."

Hapo nikaweka kikombe chini.

Akaanza kunifundisha, polepole, huku mikono yake ikifanya kazi. Alisema omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme: namba ikiwa ndogo, umeme unapita mwingi zaidi, na ampli inafanya kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo kila ampli imeandikwa omu yake ya chini, na ukiishusha chini ya hapo unaiua. Akaniambia nisidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa mbele. Akashusha kutoka kwenye rafu ampli ndogo, nyeusi, isiyo na urembo wowote, iliyoandikwa wati mia tatu. Nikadhani amekosea. Akanionyesha nyuma yake: hizo mia tatu ni kwa omu nne. Kwa sanduku letu la omu nane ingetoa karibu mia mbili tu, yaani kiasi kile kile ambacho spika yetu ingeweza kubeba. Na kama Mungu angetupa siku moja sanduku la pili kama hilo, yote mawili yakiungwa sambamba, umeme ukipata njia mbili, yangeshuka hadi omu nne, na ampli ile ile ingetoa nguvu zake zote bila kuumia. Kisha akauliza kuhusu jenereta yetu. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema hata jenereta ingenishukuru.

Mashine yangu kubwa aliipokea kwa kubadilishana na ile ndogo pamoja na kazi ya kutia koili mpya, ule waya wa ndani ulioungua, kwenye spika. Alisema anajua ukumbi mmoja wenye masanduku manne yanayoiweza. Mashine haikuwa mbaya, aliniambia, ila tuliiozesha nyumba isiyo yake.

Kazi ya koili haikuisha siku ile, nikarudi nyumbani na ampli tu. Ijumaa alifunga duka mchana akaenda kuswali, akarudi akaendelea. Jumamosi tulikuwa tumekubaliana nimfuate, lakini kabla sijaondoka nyumbani nikasikia pikipiki, nikamwona Hajati ameketi upande, spika mapajani, akiwa amepauka vumbi kama aliyetoka kutwanga unga. Mama mwenye goti bovu, Mwislamu, amesafiri mwendo wote ule kwa ajili ya besi ya kanisa la wakimbizi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alitaka kuisikia spika ndani ya nyumba yake, kanisani, maana sauti ya dukani inadanganya.

Tukaenda kanisani, tukaifunga spika sandukuni. Alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, akaniambia nipige na kwaya iimbe. Baada ya nyimbo mbili akanyanyuka, akaja mbele, akapunguza kitasa cha besi, kisha cha sauti, akarudi kukaa. Alifanya hivyo mara nne. Mwishoni akatoa mkobani chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, akatia alama kwenye kila kitasa. "Hapa usipite," akasema. "Hata kama umeimba wimbo wa furaha sana."

Mama Nabintu akampa mkungu wa ndizi na kuku. Kuku alimkubali akiwa hai, kwa sababu alitaka kumchinja mwenyewe, nao wakacheka pamoja kwa hilo kama dada wawili.

Jumapili paa likazinduliwa. Kwaya zilikuja, nasi tukaimba. Nakiri kwamba nilisubiri mtu anisifu, na hakuna aliyenisifu. Hakuna hata aliyeitazama ile ampli nyeusi. Nilianza kununa. Lakini baada ya ibada yule mzee wa maharagwe alimwambia Mama Nabintu, nami nikiwa nyuma yao, kwamba siku zote husikia kwaya yetu inavyovuma, ila leo alisikia kila neno. Akaanza kuyarudia maneno ya wimbo, akitembea kuelekea nyumbani kwake. Nikakunja waya zangu, na manung'uniko yakaniisha.

Tangu hapo nilikuwa napita kwa Hajati kila nilipokwenda mjini, hata kama sina cha kununua. Baadaye aliacha duka akakaa nyumbani kwake Kakiika, nje kidogo ya mji, kati ya migomba na ng'ombe wawili, na watu waliendelea kumpelekea redio zao hadi kibarazani. Alipotangulia mbele ya haki, nilikwenda mazikoni. Nilifikiri nitakuwa mgeni peke yangu kutoka mbali. Mwanangu, ua ulikuwa umejaa. Walikuwapo waadhini wenye vipaza sauti vya misikiti, wapiga magitaa wa harusini, kwaya mbili za kanisa, hata mwalimu wa shule mwenye kengele ya umeme. Tulipokaa kwenye mikeka tukaanza kusimuliana, na karibu kila mtu alianza vile vile: siku ya kwanza, alikataa kuniuzia. Watu wazima walilisema hilo wakiwa na machozi, na kwa fahari, kama wanaotaja tuzo. Sijaona mfanyabiashara mwingine anayekumbukwa kwa bidhaa alizokataa kuuza.

Basi, mwanangu, unakwenda Mbarara kesho kutwa. Usiondoke kabla hujainama nyuma ya sanduku lako ukasoma omu na wati, ukaviandika. Leo simu yako inaweza kukueleza mengi, nayo iulize, lakini kuinama huko itabidi uiname mwenyewe. Chagua ampli kwa ajili ya sanduku ulilo nalo, si kwa ajili ya lile unaloliota. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Soma inatoa wati ngapi kwa omu zako, wala usipumbazwe na herufi kubwa za mbele. Hakikisha omu za sanduku lako haziendi chini ya zile ampli inazoruhusu. Kumbuka umeme utakaoilisha. Iliyotumika ikiwa nzima si aibu, bora uisikie kwa masikio yako, ikiwa na gitaa lako, kabla hujatia mkono mfukoni. Na ukimkuta mtu anayekuuliza maswali mengi kabla ya kukuuzia, usikasirike. Kaa hapo. Huyo ndiye.

Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, simama mbele ya uliowakosea ukaseme mwenyewe.

Mungu akutangulie barabarani akurudishe salama. Aibariki mikono yako ibebe sauti za wengine bila kuzifunika, na akukutanishe, ungali kijana, na mtu mwenye upendo wa kutosha kukwambia hapana. Nenda kwa amani.