Kwa nini Mwalimu Swai alikuwa anapata SMS ya maji kabla ya kijiji kizima

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma kimyakimya na kupita. Leo nina jambo, na nikiongeza chumvi popote, Mpare yeyote wa jukwaa hili ananifungulia kesi. Mnatujua Wapare na kesi.

Niko Same mjini. Kabla ya mambo ya kompyuta nilikuwa dalali wa mchele kule Ndungu, kwa hiyo code siijui. Ninachojua ni kutoamini gunia lililofungwa. Sasa hivi niko kwenye kaofisi ka watu watatu: Mmbaga anaandika programu, dada Mgonja anaangalia server na malalamiko ya wateja, mimi Mshana natafuta kazi na kupatana bei.

Shikeni hayo majina. Yatatuaibisha huko mbele.

Kijiji kimoja huku milimani, upande wa Vudee, kina ndiva. Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa la jadi: maji yanakusanywa usiku, asubuhi linafunguliwa, yanashuka kwenye mifereji, kila mkulima na zamu yake. Zamani zamu ilitangazwa kwa baragumu. Sisi tukawauzia mfumo. Msimamizi anaingiza kina cha maji, mfumo unapiga hesabu, kila mkulima anapata SMS ya muda wake na anajibu 1 kwamba ameiona.

Mwanzo tulisifiwa mpaka tukaona aibu. Kisha wakulima wa mifereji mingine wakajiunga, SMS zikaanza kufika maji yameshapita.

Siku moja nikapanda. Nikamkuta Mama Ombeni, mwenyekiti wa kamati ya maji, amesimama kwenye maharage yake yaliyojikunja kwa kiu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simu imeniambia maji ni yangu saa tatu. Imeniambia hivyo saa nane. Sasa nirudi saa tatu kwa njia gani, wewe mtu wa kompyuta?"



Kibaya zaidi, kuna mtu mmoja ambaye SMS yake haikuwahi kuchelewa: Mwalimu Swai, Mchaga aliyehamia pale akanunua kashamba. Kijiji kikajumlisha moja na moja. Utani wa Mpare na Mchaga mnaujua, ila safari hii haukuwa utani. Kamati ikaitisha mkutano wa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ajenda mbili: mfumo wetu utupwe, baragumu lirudi, na Mwalimu aondolewe kwenye zamu kwa sababu ametuhonga.

Bila zamu, kashamba ka kule ni uwanja wa mpira wenye mteremko.

Ofisini kila mtu alikuwa na mchawi wake. Mmbaga alisema ni mtandao wa simu, milima inaziba. Mgonja alisema server imezidiwa, tununue kubwa. Tulishaikuza mara mbili, na SMS zikachelewa vilevile, ila kwa nafasi zaidi. Nikaambiwa nikapatane bei ya nyingine.

Hapo udalali ukaamka. Ndungu hununui gunia kwa maneno ya mwenye gunia. Unachomeka bambo, kile kichuma chenye tundu, unatoa mchele wa katikati unauangalia. Halafu unachomeka upande wa pili, maana wenye magunia nao wana akili.

"Sipatani bei ya kitu mpaka nione mchele wa katikati," nikawaambia.

"Logs, kumbukumbu za mfumo, zipo, kaka," Mmbaga akasema. "Ila hakuna anayezisoma."

"Basi hilo ni gunia lililofungwa."

Wakakaa chini. Kila SMS ikaanza kurekodiwa ilipoingia foleni, ilipotoka kwenye server na ilipopokewa na simu. Kila badiliko la programu nalo likaandikwa limefanywa lini na nani. Grafu zikapandishwa kwenye TV ya ofisi, ile ya kuangalia mpira.

Jibu la kwanza: mtandao wa simu hauna kosa. SMS ikishatoka kwetu inafika muda huohuo. Mchawi wa Mmbaga akafutwa.

Jibu la pili: server imelala, haina kazi ya maana. Wa Mgonja naye akafutwa.

Mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba sikwenda kupatana bei.

Muda wote ulikuwa unaliwa kwenye foleni yenyewe. Sasa sikilizeni foleni yetu ilivyo. Mmbaga aliichukua kwenye mfumo aliowahi kuutengeneza kwa ajili ya chuo kimoja Dar. Fikiria benki yenye dirisha kwa kila herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Kila dirisha linamtumia mtu mmoja, linasubiri ajibu 1 au muda wake uishe, ndipo linamwita anayefuata. Dar inafanya kazi vizuri tu: Abdallah huku, Komba kule, Zuberi mwisho kabisa.

Mgonja akaigawa grafu kwa madirisha.

Nguzo moja ikapanda mpaka juu ya TV. Nyingine zote zimelala kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe.

Nguzo hiyo ni M.

Mgonja akaanza kusoma waliomo, taratibu. "Mbwambo. Mrutu. Msuya. Mfinanga. Mchome. Mziray. Mbwambo mwingine. Mbwambo mwingine tena." Akasimama, akatugeukia. "Mmbaga. Mshana. Na mimi Mgonja."

Watu watatu wenye ugonjwa huo kwenye vitambulisho vyao, na hakuna aliyeuona.

Dirisha la Q lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, halijawahi kuona mteja. Dirisha la S lilikuwa na mtu mmoja, Swai. Hakuhonga yeyote. Alikuwa peke yake dirishani.

Nikahesabu majina kwa kidole, nikarudia kuanzia chini kwenda juu. Ni kweli. Nilicheka mpaka jirani wa duka la vifaa vya ujenzi akaja kuuliza kama tumeshinda tenda.

Mmbaga akabadilisha: madirisha yagawanywe kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya simu, siyo kwa ukoo, na yasisubiri tena mtu ajibu ndipo yamwite anayefuata. Akataka kuwaachia wote siku hiyohiyo, maana Jumamosi inakuja. Ndivyo tulivyozoea: tunaachia kwa wote, kisha tunasali.

Nikakataa. Jamani, sisi ni watu wa ndiva. Nani hufungua ndiva yote kwa mkupuo? Mfereji unapasuka. Tuanze na mfereji mmoja tuangalie grafu, na programu ya zamani ikae tayari kurudishwa.

Tukachagua mfereji wa Mama Ombeni. Asiyekupenda ni mkaguzi wa bure.

Asubuhi yake SMS zikatoka zote kwa pamoja, tukagongeana mikono. Chai haijapoa, Mgonja akaona kwenye TV kuna watu wanatumiwa mara mbili. Akarudisha ya zamani papo hapo. Simu ikaita.

"Mshana, leo mmenipa zamu mbili," Mama Ombeni akasema. "Silalamiki. Nakujulisha tu."

Ni wenye laini mbili. Programu mpya ilimwona mtu mmoja kama wawili. Ikarekebishwa. Kesho yake mfereji uleule, safi. Kisha wa pili, kisha iliyobaki. Wazeni tungeiachia kijiji kizima: kila mtu ana zamu mbili, ndiva ni moja, na majembe yako mkononi.

Jumamosi nikapanda na projekta. Nikaeleza nguzo ya M. Watu wakaiangalia kama unavyoangalia saa ya machinga.

"Hiyo milima si umeichora mwenyewe?" mzee mmoja akauliza.

Swali la haki, mimi pia ningeuliza. Nikamwomba msimamizi aingize kina cha maji cha zamu za jioni palepale, mbele ya wote.

Wakuu, ukumbi mzima ulilia kwa pamoja. Mifukoni, kwenye vikapu, ndani ya khanga. Akina mama wakaanza kuonyeshana simu, wazee wakatafuta miwani. Kwenye ukuta majibu ya 1 yakawa yanapanda, mpaka likabaki jina moja ambalo simu yake haijapokea.

Swai.

Ukumbi ukamgeukia. Mwalimu akatoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaibonyeza tena. Imekwisha chaji.

Mama Ombeni akasimama. "Mchaga anakosa maji kwa kubana chaji. Na sisi Wapare ndio tunaosemwa kwa ubahili." Kicheko kilipotulia akamtazama Mwalimu. "Jioni unanifuata mimi kwenye mfereji. Uwahi. Maji yakikupita yanauma, sisi tunajua."

Ajenda zote mbili zikafa hapo. Baragumu liko ofisi ya kijiji, linapumzika.

Nilichojifunza: mfumo ukiumwa, usikimbilie kununua mkubwa zaidi wala kumtafuta mla rushwa. Chomeka bambo, pande zote mbili. Na dawa ukiipata, ifungulie mfereji mmoja kwanza.

Wenye mifumo humu, zenu zinagawa watu kwa nini? Hasa mlioko Bukoba na koo zenu za R, hebu chungulieni dirisha la R mtuambie. Wenye server za kuuza msije PM, bei nazijua.