Nilimuogopa jirani yangu wa Magarini, kumbe naye alikuwa akinihesabia wageni

Wakuu wa baraza, salaam aleikum, na shikamooni nyote mlionizidi umri.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Sikuhadithiwa wala sikutia chumvi. Anayetaka kucheka acheke, mume wangu hucheka mpaka leo.

Mimi ni binti wa Kihindi, lakini nimezaliwa Shella, Malindi, na Kiswahili ndicho nilichonyonya. Nilipoolewa na Husein tukaenda kufungua duka Magarini, huko kwenye mashamba ya pamba. Majirani zetu wote walikuwa Wagiriama.

Siku ya kuondoka, Khala, dada yake mama, akanishika mkono. "Sakina mwanangu, maji ya mtu usinywe. Huko mtu hulogwa kwa kata moja tu."

Alisema kwa uhakika, utadhani kazaliwa huko. Na wakuu, Khala hajapata kuvuka hata soko la Malindi!

Lakini neno la mkubwa likishaingia sikioni, kulitoa ni kazi.

Basi tukafika. Duka zuri, chumvi ipo, vitambaa vya marekani vipo, shanga za kila rangi zipo. Wateja hawaingii. Mtu anasimama nje, ananyoosha mkono, akipewa chumvi yake huyoo, mbio. Husein akasema watatuzoea. Miezi ikapita, hawakutuzoea, na bidhaa zikaanza kuliwa na panya.

Mimi nikajishughulisha na kazi niliyofundishwa na mama, kufunga vitambaa mafundo na kuvitia rangi nyekundu. Navichovya chunguni, naviangika uani kwenye kamba, vinachuruzika. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja, Hawe Sidi. Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Watu walimheshimu sana, alikuwa mkunga wao. Kila asubuhi alikuja akasimama nje ya ua wetu. Ananitazama mimi, anautazama mlango, kisha anakwenda zake.

Na mimi nilikuwa mjamzito, wa kwanza.

Nikajua, mchawi ndiye huyu. Nikimuona tu, mtandio juu ya tumbo. Siku moja akaacha kibuyu cha maji kwenye ua wetu, na maji ya kule watu huyafuata mbali. Nikayamwaga yote mchangani.

Husein akaniuliza, "Bibi wa watu amekukosea nini?"

"Nisubiri anikosee ndipo nijue?"

Nikashika langu: mtoto huyu hazaliwi Magarini. Husein aende Malindi akamlete mama na punda wa kunibeba, nikazae Shella. Na moyoni nilishaamua, nikitoka sirudi, duka na lifungwe. Maskini Husein, akili yake yote ilikuwa kwenye lile duka, lakini alikwenda.

Uchungu ukaja yeye hayupo. Mapema, kabla ya wakati wake.

Wakuu, nilikuwa peke yangu. Nimesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye komeo, na nje ya ua yule pale, Hawe Sidi, kama kawaida yake. Nikifunga, tumebaki mimi na Mungu. Nikimwita, nimemkabidhi mchawi mwanangu. Niliogopa, jamani, sijui hata niwaeleze vipi.

Uchungu ukanikata tena. Nikapiga ukelele, "Hawe! Nisaidie!"

Alinitazama. Kisha akageuka, akaondoka zake.

Nililia. Nilimlaani Khala, nikamlaani Husein, nikajilaani na mimi.

Baadaye kidogo nikasikia nyayo. Amerudi, mbio, anahema. Akasimama kizingitini, akafumba macho, akaingia. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia nyumba ile tangu tuhamie.

Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Wanawake mlioko humu mnajua maana yake. Yule bibi akapiga magoti, akanishika. Aliniambia "sukuma," nikasukuma, "ngoja," nikangoja. Akanipa maji ya kibuyu chake. Nikayanywa yote, nikaomba mengine.

Binti yangu akalia kabla ya adhuhuri.

Ndipo Hawe Sidi akatoka uani kunawa, akakiona kile chungu cha rangi. Akachovya kidole, akanusa. Akarudi ndani kanyoosha kidole chekundu.

"Hii ni nini?"

"Rangi, hawe. Ya nguo."

Akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Kumbe, wakuu, kwao sisi tulikuwa mumiani! Wale wanaosemwa kuwa wanawaangika watu, wanachuruzisha damu yao ikauzwe dawa. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Na yeye kila asubuhi alikuwa akihesabu wanaokuja dukani, aone kama wote wameondoka salama.

"Na maji je?" nikamuuliza. "Ulimletea maji mumiani?"

"Mwenye mimba ni mwenye mimba," akasema. "Lakini ulipoyamwaga, nikasema kweli hawa. Maji hawanywi, wanakunywa damu."

Nje tukasikia watu. Wanaume na magongo, na mbele yao mkaza mwana wa Hawe Sidi, analia, shanga za mkwewe zimemjaa shingoni. Walikuja kuchukua maiti yake.

Kumbe pale Hawe Sidi alipogeuka akaniacha, alikwenda nyumbani kuaga. Alimvisha mke wa mwanawe shanga zake, akamwonyesha mbuzi yupi wa nani, akarudi kunizalisha.

Hawe Sidi akatoka na mtoto mikononi, akawaonyesha. Kisha akamwambia yule mkaza mwana, "Nipokee mtoto huyu, na shanga zangu unirudishie. Sijafa."

Hatukuhama. Husein alipofika na mama na punda, alikuta duka limejaa watu, wanapanga zamu ya kumuona mtoto.

Funzo nililopata ni dogo. Mimi nilimwita kwa kuwa sikuwa na mwingine. Yeye aliogopa kuliko mimi, na njia ya kwenda kwake ilikuwa wazi, lakini alirudi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Semeni kweli: maji ya nani mnayamwaga?