Tezo Isiyoingia kwenye Bima

Jirani yangu hapa Bunju, fundi umeme, aliegesha kirikuu chake Mwananyamala akaingia kwa mteja kuangalia feni inayopiga kelele. Alipotoka, mlango wa nyuma wa gari ulikuwa unaning'inia na ndani hamna hata bisibisi. Alidhani bima ya gari ingemlipa. Akaambiwa bima aliyonayo ni ile ndogo, na hata angekuwa na kubwa, vifaa vya kazi vinakatiwa bima yake. Alinisimulia hayo amekaa kibarazani kwangu, chai imempoa mbele yake. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kesho yake nikampigia simu wakala wa bima.

Mimi ni fundi seremala. Wateja wengi wakifungua geti hutazama nyuma yangu wakimtafuta fundi, na mimi huwaacha watafute kidogo. Natengeneza milango na makabati ya jikoni, leo Pugu, kesho Temeke, kwa hiyo kila nilicho nacho kinaishi ndani ya kirikuu: drili, randa ya umeme, misumeno, patasi. Na tezo ya baba, kile kijembe kifupi ambacho wachonga vinyago huchongea.

Baba alikuja Dar kutoka kusini na kazi hiyo mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Alikuwa mashoto hasa. Akikupa kitu, hata kikombe cha maji, lazima aseme, "Samahani, mkono wa kushoto." Alikuwa akiniambia hivyo hata mimi, mtoto wa kumzaa mwenyewe. Nyumbani kwetu Temeke alikaa uani kwenye kigoda, mpingo kaubana kwa nyayo, anagonga. Nilipokaa pembeni yake kujifunza, mikono yetu ilipishana nikachanganyikiwa. Akanihamishia mbele yake, uso kwa uso. Hapo mkono wake wa kushoto ukawa upande wa mkono wangu wa kulia, nikamfuata kama anayejitazama kwenye kioo. Vibanzi vyote viliniangukia mapajani. Jioni mama alinikung'uta gauni mlangoni huku akigomba kwamba nyumba yake imegeuka karakana.

Kwao baba, mchongaji akifariki, mpini wa tezo yake hung'olewa. Mtoto hurithi chuma tu, halafu anajichongea mpini wa kiganja chake. Baba zangu wadogo walinikabidhi tezo siku ya kumaliza matanga wakaniambia, "Mpini huo utoe." Sijautoa mpaka leo. Pale kidole gumba cha baba kilipokaa miaka yote pana kishimo, laini kama sehemu ya ndani ya kijiko cha mbao. Kwangu mimi kishimo hicho kiko upande usiofaa, na mpini unaniuma. Ndiyo maana naitumia mara moja tu kwenye kila kazi, kutoa kibanzi cha kwanza, ambacho humpa mwenye nyumba kama baba alivyokuwa akifanya. Kisha nawasha drili.

Picha za baba ninazo. Sauti yake ninayo kwenye simu, ananiuliza kama nimekula. Ninachokitamani ni ule mlio wa kugonga kwake, mkavu, wenye kupumzika kidogo anapougeuza mti. Nani hurekodi sauti ya mtu akiwa kazini? Mimi nikigonga hautoki vile.

Wakala alifika Jumamosi asubuhi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. "Shikamoo, mama." Nilikuwa nimetandika turubai uani na kuvipangusa vifaa vyote kama watoto wanaopelekwa kupigwa picha. Akavipiga picha kweli, kimoja kimoja. Akaukagua mlango wa kirikuu, akataka niongeze kufuli. Akafika kwenye tezo.

"Na hii, mama?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza kuandika."

Aliigeuza huku na huku. "Mie hii nitaiandikaje? Bima inakurudishia kitu kama kile kilichopotea. Drili ikiibiwa unapata drili. Hii nitakutolea wapi nyingine?"

"Si ndiyo sababu nataka ikatiwe bima?"

"Nisikudanganye, mama. Siku ikiibiwa watakuletea tezo ya dukani, halafu utanichukia bure. Hii usiiache kwenye gari. Ukishuka, shuka nayo."

Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa akisema kweli. Nikamwuliza ni bima gani hiyo inayolinda vitu vinavyouzwa kila duka na kukikimbia kile ambacho hakipatikani. Nilikuwa na mengi ya kusema siku ile. Lakini yeye hakuwa akinisikiliza tena. Alikuwa ameihamishia tezo mkono wa kushoto, na kidole gumba chake kimezama ndani ya kishimo.

"Mama," akasema taratibu, "nyie humu ndani mna mashoto?"

"Alikuwepo."

"Mie nimehangaikaga na mikasi, na visu, kila kitu cha watu wa kulia. Hii kama nimepimiwa."

Nilitaka kumwambia airudishe chini. Badala yake nikaenda kuchukua kipande cha mninga, nikamsogezea kigoda, na mimi nikakaa. Nilipokwisha kukaa ndipo nikaona kwamba nimekaa mbele yake, uso kwa uso.

"Haya, piga."

Alipiga vibaya, kama mtu ambaye hajawahi kuchonga hata mwiko. Pigo la kwanza liliteleza. Akaugeuza mti, akatulia kidogo, akapiga la pili, mlio ukatoka mkavu ule ule, na kibanzi kikaruka kikaniangukia mapajani.

"Samahani, mama!" Akanyoosha mkono akiondoe.

"Kiache."

Tangu baba afariki, mpigaji nimekuwa mimi, na vibanzi vyangu huwaendea wengine. Nilikitazama kile kwenye kanga yangu, nikamkumbuka baba. Kijana alikuwa bado ameshika tezo, hajui kama amekosea au la.

"Piga tena, mwanangu," nikamwambia.