Kwa Mgonjwa, Mikono Mitupu

Kwetu Ihanda mtu hatembei hivi hivi. Ukionekana barabarani asubuhi, una jembe begani, au unasukuma baiskeli ya ndizi, au unawahi ibada. Ukitembea mikono mitupu, tena haraka haraka, watu hukusimamisha na kuuliza nani amefariki.

Ndiyo maana dawa niliyopewa na nesi wa zahanati ilinishinda kuliko vidonge. Presha yangu ilikuwa juu. Aliponiuliza kama nina msongo wa mawazo, nilicheka. Mimi ni mwalimu mkuu na mzee wa kanisa; mawazo niliyaona ni ya watu walioshindwa na maisha. Yule binti hakucheka. Alisema nimeze vidonge, nipunguze chumvi, na kila asubuhi nitembee nusu saa bila mzigo, bila simu, bila kufikiria kazi. Nikihisi kifua kinabana, nisimame, nivute hewa kwa pua taratibu, niitoe kwa mdomo taratibu zaidi. Nikipuuza, akasema, mwisho wake naujua. Niliujua. Baba yangu alianguka kwenye shamba lake la kahawa akiwa na umri kama wangu, mdomo ukapinda, na hakuongea tena.

Nilitaka kupona, ila nilitaka kupona bila mtu kujua. Hata mke wangu nilimwambia nakwenda kuwaangalia mafundi wanaojenga choo cha shule kabla ya chai.

Siku ya kwanza sikufika mbali. Kijana wa bodaboda alisimama akaniambia nipande aniwahishe, nikamkatalia kwa shida. Mbele kidogo nikamkuta bibi mmoja jirani yetu, mjane, akianika kahawa uani kwake. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Kwema, Mwalimu? Unakwenda wapi mbio mbio hivyo?"

"Nakwenda kumwona mgonjwa."

Ulimi ulinitangulia. Tena nilijipongeza, maana haukuwa uongo mtupu, mgonjwa alikuwepo. Nilichosahau ni jambo ambalo hapa kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Bibi aliitazama mikono yangu.

"Kwa mgonjwa, mikono mitupu?"

Hakunisema zaidi ya hapo, naona alinionea aibu. Aliingia ndani akatoka na mayai kwenye kikapu kidogo, mayai ya kuku wake wachache ambao nawafahamu kila mmoja. "Mpelekee. Mwambie tunamwombea."

Nikayapokea kwa mikono miwili. Nyumbani nikasema nimepewa na mzazi wa mwanafunzi, tukayala na chai. Yalishuka kwa shida, lakini yalishuka.

Tangu hapo kila nikipita alikuwa akiniuliza hali ya mgonjwa. Nikawa najibu kwamba anaendelea vizuri kidogo, au kwamba jana hakulala, na cha ajabu ni kuwa majibu yote yalikuwa ya kweli. Alinipa parachichi. Alinipa maziwa ya mgando. Ningeweza kubadilisha njia, lakini angeuliza kwa watu kama mgonjwa amefariki, na habari ingefika kanisani kabla yangu. Kifua kikawa kinanibana zaidi nikiikaribia nyumba yake kuliko nikiwa ofisini. Kwa hilo nesi hakunifundisha la kufanya.

Asubuhi moja nikamkuta amesimama barabarani, amevaa kitenge cha kanisani, yeye na mama mwingine wa kwaya aliyeshika chupa ya uji.

"Leo twende wote," akasema. "Mgonjwa wako ameugua sana. Tumwone, tusali naye."

Tukaongozana. Nilikuwa nikizipita nyumba za watu wazima wa afya, nikijiuliza niingie ipi niseme nini. Bibi akauliza kama ni mbali, nikasema si mbali. Tulipofika kwenye kona hewa ikaniishia. Nikasimama, nikavuta kwa pua, nikatoa kwa mdomo, jasho likinitiririka mbele ya mama wawili wa usharika wangu. Sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile.

"Bibi," nikasema, "mgonjwa ni mimi."

Alinitazama kuanzia raba zangu hadi kofia.

"Na yale mayai?"

"Nimeyala."

"Basi yamefika," akasema, akageuka kurudi tulikotoka. "Twende kwako tukuone."

Angenikasirikia ningepata nafuu. Badala yake alitembea polepole ili nisichoke, mbele za watu wote, na kila aliyetuuliza tunakwenda wapi alijibiwa kwamba tunakwenda kumwona Mwalimu, anaumwa. Mimi nikiwa katikati yao.

Mke wangu alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Akawakaribisha. Bibi akamshika mikono yote miwili, akamwambia kama inavyopaswa, "Pole, mwanangu, kwa kuuguza."

Mke wangu alimtazama bibi, akaitazama ile chupa ya uji, kisha akanitazama mimi.

"Namuuguza nani, mama?"

Wale mama wawili walikwisha kuelewa, na wakainamisha macho kwa ajili yangu. Ikanibidi niseme upya, na safari hii maneno yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu siku ningeanguka ni yeye ambaye angeninyanyua, na sasa alikuwa akisikia baada ya barabara nzima.