Mzigo Uliovuta Dira

Asubuhi ile niliondoka Vwawa bila kumuaga mtu, maana sikujua ningemwambia ninakwenda wapi. Nilikuwa na blanketi, kikombe cha bati na viazi vitamu vitatu vya kuchemsha. Nilipofika barabara kuu nilisimama nikangoja. Lori la kwanza kutokea lilikuwa linaelekea Tunduma. Halikunichukua, lakini lilinionyesha upande, nikalifuata kwa miguu.

Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Mwalimu wetu wa misheni alisema Mungu amezitundika nyota angani, nami nikauliza kwa kamba gani. Akanichapa. Kesho yake niliuliza tena, akanichapa tena, na siku ya tatu nikaona bora nikaulize mahali pengine. Tangu hapo nilichuma kahawa huku na kule Mbozi, nikachunga ng'ombe wa watu Ileje, nikasukuma matoroli kwenye kazi ya barabara. Sikudumu popote. Kila mahali maswali yangu yalifika mwisho wa majibu ya watu mapema mno.

Tunduma ya siku zile za Mwingereza ilikuwa maduka machache ya bati, kizuizi cha mpaka, na wachuuzi wa ng'ambo waliopaza sauti kwa Kibemba. Nje ya duka moja Mzungu mrefu, mwembamba, macho ya njano kwa homa, alikuwa ameketi juu ya sanduku akiajiri watu.

"Nani anajua kusoma namba?" aliuliza.

Nilinyoosha mkono kabla sijajua kazi yenyewe.

Alikuwa mpimaji. Serikali ilitaka njia ya malori kutoka Tunduma kushuka hadi Msangano, na yeye alitumwa kuichora. Kazi yangu ilikuwa dira. Niliiweka juu ya kigoda chake cha miguu mitatu, nikailenga kwenye bendera iliyo mbele, nikaita namba ambayo sindano ilionyesha. Wengine walivuta mnyororo wa kupimia urefu. Yeye aliandika katika daftari. Kisha tulihamia penye bendera, nikageuka nikailenga kule tulikotoka, nikaita namba tena, ili ya kwenda na ya kurudi zishuhudiane. Zaidi ya hapo, wapimaji waliotutangulia walikuwa wamejenga nguzo mbili za zege, moja katikati ya safari na moja juu ya kilima cha Msangano. Mstari wetu ulipaswa kuzigonga zote mbili.

"Ukizigonga, tumefanya kazi," alisema. "Usipozigonga, tumetembea tu porini."

Alitupa sheria moja: dira ikisomwa, kila chombo cha chuma kikae hatua thelathini mbali, kwa sababu chuma huvuta sindano. Tuliitii kama amri ya kanisa. Mapanga, visu na mnyororo wenyewe vilirundikwa pembeni. Mpishi aliacha kikaango chake. Mvuta mnyororo mmoja mwenye mkanda wa bizimu ya chuma aliuvua kila kituo, akafanya kazi mkono mmoja ukishika suruali.

"Shika vizuri, kaka," wenzake walimwambia. "Sindano inaweza ikageuka kutazama."

Aliyesimama karibu nami siku zote alikuwa mshika mwavuli. Jua likiwa kali alinifunika mimi na dira, kukiwa na mawingu alikaa nyuma na wapagazi. Alikuwa Mnamwanga mwenye mabega mapana, akienda kuoa Msangano, na mgongoni alibeba mzigo wake mwenyewe, umeshonewa ndani ya ngozi ya mbuzi. Hakuutua mbali naye hata mara moja. Akishika mwavuli, mzigo ulikuwa katikati ya miguu yake.

"Umebeba nini humo, shemeji?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Ugali wa Wanyiha. Ndiyo maana ni mzito."

Watu walicheka, na mimi Mnyiha nikacheka, na swali likapita.

Siku ya kumi tulifika mahali ambapo karatasi ya mpimaji ilisema pana nguzo ya kati. Hapakuwa na nguzo. Palikuwa na vichaka na kichuguu. Nguzo yenyewe tuliiona mbali upande wa kushoto, nyeupe, imetulia. Mpimaji aliitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Mnyororo haupindi mstari," alisema. "Anayesoma dira ndiye anayeupinda. Nakupa siku mbili. Kosa lisipojulikana, utarudi ulikotoka."

Nilikuwa nimefukuzwa kazi nyingi bila kujali. Hii nilijali. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika kitu kilichojibu kila nilipokiuliza, na kilinijibu kwa namba. Niliamua kwamba sitaondoka pale kabla sijalijua lile kosa, hata kama nitalijua baada ya kufukuzwa.

Jioni, jua lilipokwisha kuzama na ugali ukiwa bado motoni, nilimfuata mpimaji kwenye kiti chake cha turubai. Alikuwa amejifunika blanketi mbili.

"Bwana, ukijua kitu kipo lakini hukioni, unakitafutaje?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alionyesha kidole juu, ambako nyota za kwanza zilikuwa zinatoka. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba kuna msomi huko ng'ambo aliyetazama kundi la miji ya nyota, kila mji na nyota nyingi kupita mchanga. Aliona miji ile inakimbia kasi mno. Kwa kasi hiyo ingekuwa imetawanyika zamani, kila mmoja njia yake. Lakini ilikuwa bado pamoja. Msomi akakadiria uzito wa vyote vinavyotoa mwanga, akakuta hautoshi kabisa kuishikilia.

"Akasema kuna kitu kizito kati ya miji ile, kisicho na mwanga. Wenzake hawakumsadiki."

"Bado hawamsadiki?"

"Wengi wao."

"Yeye amekiona?"

"Hapana. Ameona tu kinavyovuta."

Nilimwomba daftari. Alinipa, nadhani kwa sababu homa ilimchosha kubishana. Nikakaa karibu na moto wa mpishi nikalinganisha namba za kwenda na za kurudi. Mpimaji alikuwa ameziandika zote, lakini kichwa kikimuuma hakuwahi kuzilinganisha. Vituo vingine zilipatana vizuri. Vingine hazikupatana kabisa. Ningekuwa mimi nasoma vibaya, ningesoma vibaya ovyo ovyo. Hapa palikuwa na mpango. Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika hali ya hewa, na mpishi alinisaidia kukumbuka zile siku. Penye mawingu, namba zilipatana. Penye jua, zilikataa.

"Basi jua linaivuta dira," mpishi alisema. "Kaombe mvua."

Asubuhi jua lilipopanda nilisimamisha dira mahali peupe, nikasoma. Nikamwita mshika mwavuli. Alipofika, sindano ilicheza ikahama. Nikamwambia arudi nyuma, nayo ikarudi.

"Ni mwavuli," nilimwambia mpimaji.

"Mbavu zake ni za mianzi. Nilitengenezesha makusudi."

Nikauchukua mwavuli mwenyewe nikasimama nao juu ya dira. Sindano haikujali. Ndipo nikamtazama mwenzangu, naye akautazama mzigo wake.

Nilimvuta hadi kijitoni.

"Shemeji, humo mna chuma."

"Hamna chuma."

"Sindano inasema mna chuma."

"Sindano haijui mila za kwetu. Hicho si chuma. Ni mahari."

Akaniambia kwa sauti ya chini. Bibi wa mchumba wake, ambaye ndiye aliyemlea huyo msichana, alikataa shilingi na akakataa majembe ya dukani. Alitaka majembe manne ya zamani, yaliyoyeyushwa kwenye tanuru la udongo, ambayo hayajatiwa mpini wala kugusa shamba. Matanuru yalikuwa yamezimwa tangu mwenzangu hajazaliwa. Haya manne aliyaacha babu yake, na hayakuwepo mengine. Tena yule bibi alishika neno la wazee wake: majembe ya mke hayaonwi na mtu njiani. Mwenye kuyabeba hatengani nayo, na mzigo haufunguliwi mpaka mlangoni kwake. Ukifunguliwa, safari imevunjika na majembe yale hayapokelewi tena.

Mpimaji aliposema vyombo vya chuma, yeye aliweka panga lake pembeni kama wengine. Majembe hayakumjia akilini hata kidogo. Hakuwa amedanganya mtu.

Mpimaji alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alisikia mangapi.

"Fungua mzigo," alisema.

Mshika mwavuli aliukumbatia. Uso wake ulikuwa umekauka. Mimi nikasimama katikati yao.

"Bwana, hakuna haja ya kufungua. Njoo utazame."

Niliwapeleka wote wawili kwenye dira. Nilimwomba mwenzangu aende upande wa mashariki na mzigo wake, sindano ikavutwa. Aje magharibi, ikavutwa upande mwingine. Arudi nyuma hatua moja moja, ikalegea kidogo kidogo, mpaka hatua thelathini ikatulia.

"Ndani mna nini?" mpimaji aliuliza.

"Kitu kizito kinachovuta. Yule msomi wako, bwana, alizifungua mbingu?"

Mpimaji akaanza kukohoa, na katikati ya kikohozi nikagundua anacheka.

Nimezeeka sasa, na miaka ya karibuni nimesikia redioni wataalamu wakieleza habari ile ile, wakiiita maada ya giza. Wanasema sehemu kubwa ya maada yote ulimwenguni ni hiyo, haitoi mwanga wala haizuii mwanga, na kila nyota tunayoiona ni nyongeza ndogo tu. Wanasema hapo mwanzo vitu vyote vilikuwa kama moshi uliotandazwa karibu sawasawa, na maada hiyo ndiyo iliyotangulia kujikusanya, ikauvuta ule moshi mpaka ukawa nyota. Isingekuwepo, moshi ungechelewa mno kukusanyika, na pengine usingekuwepo mji wa nyota hata mmoja, wala udongo wa kusimama juu yake. Mpaka leo wanaitafuta chini migodini na juu ya milima, na hawajaishika mkononi. Wengine wanasema huenda haipo, ni hesabu za mvuto zenye kasoro. Mimi nikiwasikiliza nasema, endeleeni. Lilinganisheni daftari.

Mpimaji alipomaliza kukohoa alisema, "Vituo vyote vya jua ni uongo."

"Nitavisoma upya."

"Watu wamechoka. Sitawarudisha."

"Mnyororo haukukosea, bwana. Urefu ni ule ule, na bendera bado zipo. Ni dira tu iliyovutwa. Nipe dira na daftari."

Alinipa, pamoja na siku nne. Nilirudi peke yangu bendera kwa bendera. Bendera mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, nikazitambua kwa mashimo yake. Siku ya pili mvua ilinipiga tangu asubuhi, nikasimama chini ya mti nimelifunika daftari kwa tumbo mpaka ikapita. Sikuruka kituo. Kila kimoja nilikisoma kwenda na kurudi, na kila namba zilipopatana nilisema kwa sauti, "Haya," ingawa hapakuwa na wa kunisikia.

Niliporudi mpimaji alichora mstari upya kwenye karatasi. Ulitambaa, ukapinda, ukafika penye kile kichuguu, na kipande tulichopima kutoka pale hadi nguzo ya kati kikaangukia juu yake sawasawa. Alinisogezea chai yake.

Kutoka hapo mwavuli alipewa mpishi, na mwenye mzigo alikaa hatua thelathini kutoka kwetu kila kituo, peke yake juani, mzigo magotini.

"Bwana harusi ametengwa!" watu walimpigia kelele.

"Nitaoa," alijibu kutoka kule. "Ninyi mtabaki na mnyororo."

Tuliigonga nguzo ya Msangano mchana mmoja, sawasawa, mpaka yule mvuta mnyororo wa mkanda akaibusu. Jioni nilimsindikiza mwenzangu hadi kwa yule bibi, dira ikiwa bado shingoni mwangu. Alikuwa mdogo wa umbo, ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. Habari zilikuwa zimemtangulia mgeni wake, maana mpishi alikuwa na mdomo.

"Nasikia majembe yangu yaliwapoteza watu porini," alisema. Hakuitikia salamu yetu. "Nani aliyeyaona?"

"Hakuna, bibi," mwenzangu alisema.

"Watayajuaje wasiyoyaona?" Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyejua. Uliyaona?"

Mwenzangu aliubana mzigo kifuani. Babu yake asingeweza kumwachia majembe mengine.

"Sikuyaona, bibi. Mpaka sasa sijayaona."

"Sasa ulijuaje?"

Nikaiweka dira chini, mbele ya miguu yake, nikamwonyesha sindano ilikoelekea. Nikamwomba auchukue mzigo mwenyewe na aje nao polepole. Alijizoazoa akainuka, akaupokea, akapiga hatua tatu. Sindano ikamgeukia. Akasimama. Akaenda kushoto, ikamfuata. Akaenda kulia. Akaizunguka dira mara mbili, kwa hatua fupi, mzigo kifuani, na mara ya pili alikuwa anacheka kama msichana.

Kisha akaugeuza mzigo mbele ya mwanga, akapitisha kidole kwenye mshono wote wa ngozi, taratibu, bila kuruka mahali.

"Uzi ni ule ule wa kwanza, haujakatwa," alisema. "Karibu ndani, mkwe."

Waliingia. Nilibaki uani nikifunga dira kwenye mfuko wake. Mpimaji na watu wake walikuwa wamepiga hema ng'ambo ya kilima, na kesho yake asubuhi kazi ile ingekuwa imekwisha. Yule bibi akachungulia tena.

"Na wewe Mnyiha, unalala wapi?"

"Sijui bado, bibi."

"Jikoni pana nafasi, kando ya kihenge cha mahindi. Sogeza kuni."

Nilisogeza kuni, nikatandika blanketi. Palinukia moshi na mahindi mapya. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kupitia huo nilisikia uzi ukikatwa, kisha chuma kikiwekwa juu ya chuma, kimoja, na kingine, na kingine, na cha nne. Mlango wao ulikuwa wazi. Sikutoka kwenda kutazama.